Dawa Inaposhindwa: Vijidudu Sugu na Afya ya Mtoto Wako

   

Leo tunazungumza juu ya dawa ambazo karibu kila nyumba hapa Kitale na Bungoma imewahi kuzitumia, na ambazo siku hizi zinaanza kushindwa kuwatibu watoto. Tafuta kalamu na karatasi. Kuna hesabu chache nitakazokupa, na huenda ukazihitaji usiku wa manane mtoto anapokohoa na kliniki imefungwa.

DAWA HIZI NI ZIPI?

Dawa zenyewe huitwa antibiotiki. Vitabu vingine huziita viuavijasumu. Kazi yake ni kuua vijidudu vinavyoitwa bakteria, au kuvizuia visiongezeke. Unazijua hata kama hujawahi kusikia jina hilo: amoksilini, ambayo wengi huiita Amoxil, Septrin, Flagyl, Ampiclox, zile kapsuli za rangi mbili, na sindano za hospitalini kama penisilini, jentamisini na seftriaksoni.

Bakteria husababisha magonjwa makali: nimonia nyingi, yaani kichomi, homa ya uti wa mgongo, homa ya matumbo, ambayo sisi huiita taifodi, kuhara damu, na maambukizi ya damu yanayowaua watoto wachanga. Katika magonjwa hayo, antibiotiki huokoa maisha.

Lakini mafua, kikohozi cha kawaida na kuhara kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi. Virusi si bakteria, na hakuna antibiotiki inayoviua, hata ukimpa mtoto chupa nzima. Malaria nayo huletwa na kimelea kingine na ina dawa yake. Na Panadol hupunguza homa na maumivu tu, si antibiotiki.

Kuna jambo moja linalotuchanganya. Mtoto anaanza mafua Jumatatu, mama anamnunulia Amoxil, na kufikia Ijumaa mtoto anacheza. Mama anasema, "Dawa imemponya." Lakini mafua huisha yenyewe baada ya siku chache. Mtoto huyo angecheza Ijumaa hata bila dawa. Kwa sababu tunamwona kwa macho yetu amepona, tunaendelea kuamini, na mafua yajayo tunarudi dukani.

VIJIDUDU HUWAJE SUGU?

Wengi husema, "Mwili wa mtoto umeizoea dawa." Hapana, mama. Anayeizoea dawa si mtoto, ni kijidudu. Shika sana jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Mkulima wa Kiminini au wa Naitiri anamjua dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Ukiweka dawa ya mahindi kidogo kuliko inavyotakiwa, wadudu wengi watakufa, lakini wale wenye nguvu watabaki. Hao waliobaki ndio watakaozaana. Msimu ujao ghala lako limejaa watoto wa wale walioshinda dawa, na hata ukiweka kipimo kamili, hawafi wote kama zamani.

Bakteria hufanya vivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao huzaana upesi sana. Baadhi yao hujigawa mara mbili ndani ya nusu saa tu. Tena wana tabia nyingine mbaya zaidi: kijidudu sugu kinaweza kukipa kijidudu kingine siri ya kuishinda dawa, hata kama si cha aina yake.

Kumbuka pia kwamba katika matumbo ya kila mtoto kuna bakteria wengi, na wengi wao hawana madhara. Kila mara mtoto anapopewa antibiotiki isiyohitajika, wale dhaifu hufa na wale sugu hupata nafasi. Hutoka na kinyesi, huingia kwenye maji, kwenye mikono, kwenye chakula, na kwenye mdomo wa mtoto wa jirani. Ndiyo maana mtoto ambaye hajawahi kumeza antibiotiki hata siku moja anaweza kuugua ugonjwa ambao dawa haziuwezi. Hakutumia dawa vibaya. Ameambukizwa kijidudu kilichofunzwa mahali pengine.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, mtaalamu aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobel, kwamba watu wakijinunulia dawa hiyo na kutumia kidogo kuliko kipimo, watavifundisha vijidudu kuishinda. Yaliyotabiriwa wakati ule ndiyo tunayoyaona sasa.

KWA NINI TUNAPASWA KUJALI?

Pale hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walipima damu ya watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa kati ya mwaka 1998 na 2002. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Miongoni mwa watoto waliofariki hospitalini, zaidi ya robo walikuwa na bakteria ndani ya damu. Na kati ya watoto waliokuwa na bakteria hao wakafariki, theluthi moja walikufa siku ile ile waliyofikishwa hospitali.

Fikiria maana yake. Mtoto analetwa amelegea, na damu yake imeingiwa na vijidudu. Kipimo cha kuotesha vijidudu kwenye maabara, ili kujua ni vya aina gani na dawa ipi inaviua, huchukua siku mbili, tatu au zaidi. Daktari hawezi kungoja. Lazima ampige mtoto sindano saa hiyo hiyo kwa kutumia dawa anayoamini itafanya kazi. Dawa hiyo ya kwanza ikikataa, mtoto hana muda wa kungojea ya pili.

Watafiti wa taasisi ya KEMRI, akiwemo Profesa Samuel Kariuki, wamefuatilia kwa miaka mingi kijidudu kiitwacho Salmonella, ambacho huingia kwenye damu ya watoto, hasa wale waliodhoofishwa na malaria, utapiamlo au upungufu wa damu. Kilianza kushinda dawa za zamani kama Septrin, ampisilini na kloramfenikoli. Sasa vimepatikana hapa Kenya hata vile vinavyoshinda seftriaksoni, sindano ambayo hospitali zetu nyingi huitegemea. Katika wodi za watoto wachanga nako, kijidudu kiitwacho Klebsiella kimekuwa tatizo hapa Kenya na katika nchi nyingi za Afrika.

Duniani kote, ilikadiriwa kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Mmoja kati ya kila watano wao alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Sisemi haya ili kukutisha. Nayasema kwa sababu sehemu kubwa ya antibiotiki haitumiki hospitalini. Hutumika nyumbani, na mara nyingi anayeamua ni wewe mlezi. Basi tuangalie magonjwa matatu ambayo hutupeleka dukani mara nyingi zaidi: kikohozi, kuhara na homa.

KIKOHOZI: HESABU PUMZI

Kitale kuna baridi, hasa kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, na watoto hukohoa sana. Swali ni hili: utajuaje kikohozi cha kawaida na utajuaje nimonia?

Hesabu pumzi. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo yake uone kifua na tumbo. Chukua simu uangalie saa, kisha hesabu ni mara ngapi kifua kinapanda kwa dakika moja nzima. Usikisie.

Mtoto anapumua haraka kupita kiasi ikiwa:

- ana umri wa chini ya miezi 2, na pumzi ni 60 au zaidi kwa dakika. Hesabu mara mbili uhakikishe;
- ana umri wa miezi 2 hadi 11, na pumzi ni 50 au zaidi kwa dakika;
- ana umri wa mwaka 1 hadi kabla ya kufika miaka 5, na pumzi ni 40 au zaidi kwa dakika.

Ukipata hesabu hizo kwa mtoto anayekohoa, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni nimonia, na hapo antibiotiki inahitajika kweli. Kwa mtoto wa zaidi ya miezi 2 asiye na dalili za hatari, dawa ya kawaida ni amoksilini, mara mbili kwa siku kwa siku 5. Siku hizi kuna vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika kijiko cha maji safi au cha maziwa ya mama.

Angalia pia sehemu ya chini ya kifua. Ikiwa inaingia ndani kila mtoto anapovuta pumzi, usikae nyumbani hata kama hesabu si kubwa.

Lakini kama mtoto anakohoa, kamasi zinatoka, anapumua vizuri, ananyonya na kucheza, hayo ni mafua. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Safisha pua yake kwa kitambaa laini. Aliyezidi miezi 6 mpe vinywaji vya uvuguvugu. Asali humsaidia aliyezidi mwaka mmoja. Wa chini ya mwaka mmoja usimpe kabisa. Mwondoe jikoni kwenye moshi wa kuni. Kikohozi cha mafua kinaweza kukaa wiki nzima au mbili hata baada ya homa kuisha. Kikizidi wiki mbili, mpeleke apimwe, kwa maana kuna magonjwa mengine kama kifua kikuu.

KUHARA: MAJI YA CHUMVICHUMVI NA ZINKI

Mvua ndefu zinapoanza, chemchemi na visima huingiwa na uchafu, na watoto wengi huharisha. Mtoto anayehara hufa kwa kukosa maji mwilini. Flagyl hairudishi maji hayo.

Kinachookoa ni ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji safi, pamoja na vidonge vya zinki. Mtoto aliyefika miezi 6 hupewa kidonge kimoja cha zinki cha miligramu 20 kila siku; wa chini ya miezi 6 hupewa nusu yake. Endelea kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa, hata kama kuhara kumekoma, kwa sababu zinki hupunguza hatari ya kuhara tena katika miezi inayofuata. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

Kuna kuhara kunakohitaji antibiotiki. Ukiona damu kwenye kinyesi, mpeleke kituo cha afya. Usimnunulie dawa mwenyewe, kwa sababu vijidudu vinavyoleta kuhara damu magharibi mwa Kenya vilishazizoea dawa kadhaa za zamani, ikiwemo Septrin. Na ukiona anahara maji matupu kwa wingi, kama maji ya mchele, mkimbize hospitali. Huenda ni kipindupindu. Mpe ORS njiani.

HOMA: SI KILA HOMA NI TAIFODI

Hapa kwetu mtu akiwa na homa, kichwa kikiuma na mwili ukichoka, husema, "Nina malaria na taifodi." Anachomwa kidole, anaambiwa zote mbili ziko, na anarudi nyumbani na mfuko wa dawa.

Malaria ipo kweli, hasa Bungoma, na kipimo chake ni rahisi na cha kuaminika. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Akiwa nayo, apewe dawa ya malaria.

Taifodi ni jambo tofauti. Kile kipimo cha damu kiitwacho Widal, kinachotumika maabara nyingi ndogo, hakiaminiki sana. Kinaweza kusema mtoto ana taifodi kumbe anaumwa kitu kingine, au aliwahi kuugua zamani. Pia kinaweza kusema hana, kumbe anayo. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu kwenye maabara ya hospitali. Watu wengi wametibiwa taifodi ambayo hawakuwa nayo, na kila matibabu ya namna hiyo ni antibiotiki zilizopotea bure.

Una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, mmempima malaria? Hii antibiotiki ni ya ugonjwa gani? Atakunywa kwa siku ngapi? Nikiona nini nimrudishe?" Mhudumu mzuri atafurahi kukujibu. Mimi hufurahi mama akiniuliza, kwa sababu najua ameelewa na atafuata.

DUKANI KWA DAWA

Najua hali ya mfukoni. Kituo kiko mbali, bodaboda anataka nauli, foleni ni ndefu, na kemisti iko hapo karibu na stendi. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Daktari, mtoto anakohoa. Nipe Amoxil ya shilingi hamsini."

"Chukua hizi nne. Mpe mbili leo, mbili kesho."

Mama, kapsuli hizo nne ni kama ile dawa ya mahindi iliyopungua. Zinatosha kuviua vijidudu dhaifu, hazitoshi kuvimaliza vile vyenye nguvu. Ikiwa mtoto ana mafua, hazina kazi. Ikiwa ana nimonia, hazitoshi, na ugonjwa utarudi. Sheria ya Kenya inataka antibiotiki zitolewe kwa cheti cha daktari, na duka la dawa liwe limesajiliwa na bodi ya dawa na sumu, na cheti chake kitundikwe ukutani.

Ukienda dukani bila cheti, usitaje jina la dawa. Taja ugonjwa na hesabu ulizofanya. Sema, "Mtoto ana miezi minane, anakohoa, nimehesabu pumzi ni 36, ananyonya vizuri. Nifanye nini?" Mwenye duka mwenye ujuzi atakwambia mtoto huyu hahitaji antibiotiki, na ile hamsini utanunulia maziwa. Ungempa hesabu ya 56, angekutuma kituo cha afya.

Mkumbuke pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu hawa vifaa vya kazi nchini kote. Mwite aje amwangalie mtoto na kukuelekeza kabla hujatumia nauli.

UKIPEWA ANTIBIOTIKI, ITUMIE HIVI

Kwanza, mpe kipimo kilichoandikwa, saa zilizoandikwa, kwa siku zote zilizoandikwa. Ikiwa ni siku 5, basi ni siku 5. Usiache siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, wala usiongeze kwa hiari yako.

Pili, tumia kijiko cha kupimia kinachokuja na dawa, au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Cha kwako na cha jirani vinaweza kutofautiana sana.

Tatu, dawa ya unga ya chupa ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama. Itikise kila mara kabla ya kumpa mtoto. Iweke mahali pa baridi, mbali na jua. Amoksilini ya maji kwa kawaida haikai zaidi ya siku 7 baada ya kuchanganywa. Muulize aliyekupa, na itakayobaki usiiweke kwa ajili ya kikohozi kijacho.

Nne, usimgawie mtoto mwingine, hata kama ni pacha wake. Dawa hupimwa kwa uzito wa mtoto na kwa ugonjwa alio nao.

Tano, mtoto akitokwa na vipele, akivimba uso au akishindwa kupumua baada ya dawa, mkimbize hospitali. Ikiwa siku ya tatu bado hana nafuu, mrudishe. Usibadilishe dawa mwenyewe.

WATOTO AMBAO DAWA YAO HAIACHWI

Nisikilize vizuri hapa, nisije nikaeleweka vibaya. Kuna watoto wanaopewa antibiotiki kila siku kwa sababu maalum. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya ukimwi huanzishiwa Septrin kliniki akiwa na wiki 6. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao tunao hapa magharibi, hupewa penisilini hadi anapofika miaka 5. Anayetibiwa kifua kikuu hunywa dawa kwa miezi mingi. Kama mtoto wako ni mmoja wao, usimwachishe kwa sababu ya mazungumzo haya. Dawa hiyo inamlinda. Endelea mpaka kliniki ikwambie vingine.

KUKU NA NG'OMBE PIA

Hapa Trans Nzoia na Bungoma, karibu kila boma lina kuku, na wengi wana ng'ombe wa maziwa. Kuna anayefungua kapsuli za watu na kuzimwaga kwenye maji ya kuku. Vijidudu vya kuku navyo huwa sugu, kisha hufika kwa mtoto anayetambaa uani na kuweka kila kitu mdomoni. Ugonjwa wa Newcastle, yaani kideri, unaofagia kuku wote bandani, ni wa virusi. Kapsuli haziutibu, chanjo ndiyo huuzuia. Na ng'ombe akidungwa antibiotiki, muulize daktari wa mifugo maziwa yasitumike kwa siku ngapi. Msinywe wala msiyauze kabla siku hizo hazijaisha.

MTOTO ASIYEUGUA HAHITAJI DAWA

Njia bora ya kuzitunza dawa ni kuzuia ugonjwa.

Chanjo ndiyo ya kwanza. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya hupewa chanjo ya nimokoka, inayozuia aina kali za nimonia na homa ya uti wa mgongo, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya rota, inayozuia kuhara kukali, ilianza mwaka 2014. Mnamo Julai 2025 serikali ilifanya kampeni ya kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi. Fungua kitabu cha kliniki leo jioni uone kama kuna chanjo iliyorukwa. Ukiona pengo, kipeleke kliniki. Hakuna atakayekugombeza kwa kuchelewa.

Kisha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Kisha mikono: inawiwe kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Na kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, si nyuma ya nyumba, kwa maana nacho hubeba vijidudu kama cha mtu mzima.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, si afadhali nimpe tu antibiotiki, kwa usalama?

Swali hili limepimwa karibu na kwetu. Huko Kisii na Homa Bay, kuanzia mwaka 2016, utafiti ulioitwa Toto Bora uliwafuata watoto 1,400 walioruhusiwa kutoka hospitalini. Nusu walipewa antibiotiki iitwayo azithromaisini kwa siku 5, nusu nyingine wakapewa dawa isiyo na kitu ndani. Baada ya miezi 6, waliopewa antibiotiki hawakuwa salama zaidi: idadi ya waliorudi kulazwa au kufariki haikupungua. Kumpa "kwa usalama" hakukuleta usalama.

Sindano ni kali kuliko vidonge?

Si lazima. Mtoto anayeweza kumeza na asiye na dalili za hatari hutibiwa nimonia vizuri kwa dawa ya kumeza. Sindano ni ya mtoto mgonjwa sana au asiyeweza kumeza. Usimwombe muuguzi "sindano kidogo".

Kamasi za kijani au za njano si dalili ya bakteria?

Hapana, mama. Mafua ya virusi pia hugeuza rangi ya kamasi. Usiangalie rangi; angalia anavyopumua na hali yake kwa jumla.

DALILI ZA HATARI

Zisome tena na uzibandike ukutani. Mkimbize mtoto hospitali mara moja ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa. Anatapika kila kitu. Ameshikwa na degedege. Amelegea au haamki vizuri. Kifua kinaingia ndani. Au anakoroma kwa ukali anapovuta pumzi ilhali ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye mwili wa moto au wa baridi kupita kawaida, au aliyepunguza kunyonya, asingojee asubuhi.

YA KUKUMBUKA

1. Antibiotiki huua bakteria. Haitibu mafua, na haihitajiki kwa kuhara kwingi.
2. Kijidudu ndicho huwa sugu, si mtoto, na huhama kutoka nyumba hadi nyumba.
3. Hesabu pumzi kwa dakika nzima kabla ya kufikiria dawa: 60, 50, 40, kulingana na umri.
4. Kuhara kwatakiwa ORS na zinki. Kuhara damu kwatakiwa kituo cha afya.
5. Ukipewa dawa, mpe kipimo kamili na siku kamili. Usiibakize, usiigawe.
6. Kamilisha chanjo.

Siku moja mtoto wako, au wa jirani yako, anaweza kufikishwa hospitali akiwa amelegea, na daktari achukue sindano moja tu aliyo nayo. Tunataka siku hiyo sindano ifanye kazi. Kila kapsuli isiyohitajika ambayo hukuinunua leo imemsaidia mtoto huyo.

Leo jioni kabla ya kulala, fanya mazoezi: mhesabu pumzi mtoto wako akiwa mzima, amelala. Ukishajua anavyopumua akiwa na afya, utatambua upesi siku atakapougua. Kisha mfundishe nyanya yake, na dada anayekusaidia kumlea.